Mwaka Niliomnyima Wesley Ufunguo

Namshukuru Mungu, mwenye mvua na mwenye jua, aliyenilinda mpaka nikazeeka na akili zangu, na ambaye hakunichoka hata katika mwaka ninaotaka kuusimulia. Kama alitafuta sababu ya kunitupa, mwaka ule nilimpa nyingi, na hakunitupa. Kwa hiyo naanza kwa kumsifu, kisha nitasema ukweli, kwa maana sifa bila ukweli ni kelele za asubuhi tu.

Mwezi uliopita tulimzika Wesley, bakule wangu. Kwetu Wakipsigis bakule ni mtu mliyetahiriwa pamoja, mkakaa kibanda kimoja mpaka mkatoka wanaume, na tangu siku hiyo hakuna kunyimana. Akija kwako anakula bila kungoja kukaribishwa, anakutania mbele ya mke wako, na akihitaji kitu ulicho nacho unampa. Siku tatu baada ya mazishi mjane wake alifika kwangu na kitu kidogo, kizito, kimefungwa katika kitambaa cha kichwa. Ilikuwa timazi ya Wesley, kile kipande cha shaba chenye ncha ambacho fundi hukining'iniza kwa uzi apate kujua wima ni wapi. "Alisema nikupe wewe," mama akaniambia. "Alisema, 'Mpe bakule, ataangalia kwanza kama imenyooka.'" Tulicheka, kisha tukalia. Alipoondoka nilibaki nimeishika mkononi, nikakumbuka jambo ambalo sikumwambia mtu: siku ya mazishi, wakati watu walipokuwa wakijaza boma lake mpaka wengine wakasimama ndani ya shamba la chai la jirani, mimi nilikuwa nikijiuliza kama siku yangu ikifika nitapata hata nusu ya watu wale. Hivyo ndivyo nilivyompenda Wesley. Nilimpenda huku nikimpima.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani; hayo wajukuu wanayajua. Nasimulia mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka hamsini na minane, umri ambao mtu hudhani amekwisha kuwa alivyo. Banda langu lilikuwa upande wa chini wa mji wa Kericho, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea mashamba ya chai. Lilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu ili kioo kisikwaruzwe, harufu ya gundi isiyotoka hata ukifungua mlango wote, na jiko la makaa ambalo sufuria ya chai haikushuka juu yake tangu asubuhi mpaka jioni. Kazi yangu ilikuwa moja: kubadilisha vioo vya mbele vya magari. Kericho ni nchi ya mvua ya mawe. Mkulima wa chai akisikia mawe yakianza kugonga bati anashika kichwa. Mimi nilisikia mawe yaleyale, na pamoja nayo nilisikia wateja wa kesho. Jumapili tulipoomba mashamba yetu yaepushwe na mawe, mimi, mzee wa kanisa, nilisema "Amina" kwa sauti ndogo kuliko wenzangu. Mungu alijua kwa nini.

Kulikuwa na kitu kimoja nilichojivunia kuliko vioo. Kanisa letu lilipojenga ukumbi, mimi ndiye niliyesimamia sakafu. Ardhi yetu ni miteremko mitupu, lakini nilichukua mpira mwembamba nikaujaza maji, nikautembeza pembe hata pembe mpaka usawa ukapatikana, na simenti ilipokauka watu walikuja kuitazama tu. Mchungaji alisema mbele ya wote kwamba sakafu ile imelala kama maziwa ndani ya bakuli. Tangu siku hiyo ufunguo wa ukumbi ulikaa kwangu, umefungwa kamba ya kiatu, kwenye msumari ulio juu ya kitanda changu.

Ndipo Wesley akarudi kutoka Nairobi. Tulikuwa tumejifunza kazi ya vioo pamoja tukiwa vijana, kwa fundi mmoja, kisha yeye akaenda, mimi nikabaki. Alirudi na mvi, na kicheko kilekile, na pikapu iliyobeba mbao kubwa zenye michoro ya miraba myeusi na myeupe, stendi za chuma, na kompyuta iliyovikwa raba ya bluu. Alifungua banda juu ya barabara, mahali ambapo kila gari lilimpita yeye kwanza kabla ya kunifikia mimi. Wivu haukuja kama moto. Ulikuja kama unyevu wa Kericho, ule unaoingia ndani ya blanketi usijue umepitia wapi, ukashtuka siku moja kila kitu kinanuka.

Siku niliyounusa vizuri nilikuwa nimekwenda jikoni mwa kanisa kuchukua sufuria. Akina mama walikuwa ndani wakikata kabichi za harambee, nami nikasimama nje ya dirisha kwa sababu nilisikia jina lake.

"Wesley anasema hizi gari mpya ziko na jicho nyuma ya kioo, hapo juu kwa ile kioo ya kujiangalia. Inaona mstari ya barabara, inaona ng'ombe mbele, inafunga breki yenyewe."

"Ai! Hata ng'ombe ya mtu mwingine?"

"Hata ya jirani mwenye umekosana naye."

Wakacheka. Mmoja akauliza, "Na kioo ikivunjika?"

"Ukiweka ingine, hiyo jicho inageuka kidogo. Lazima ipimwe na kompyuta ndiyo ijue mbele ni wapi. Huku kwetu ni Wesley tu anaweza."

"Na mzee wetu?"

"Mzee anajua gundi."

Walicheka tena, bila ubaya wowote. Nami niliondoka bila sufuria. Miaka thelathini ya kazi, na yote imetoshea katika neno moja, gundi. Usiku na mchana neno lile lilikaa nami. Nilipopita bandani kwa Wesley nilihesabu magari yaliyoegeshwa, na yakiwa matatu nilirudi kwangu nikiwa mnyonge, na likiwa moja nilipiga mluzi wimbo wa kusifu. Hata namna watu walivyomsalimia iliniuma. Mimi waliniita "Mzee", kwa heshima. Yeye walimwita "Wesley wetu".

Jumamosi moja alikuja kwangu wakati wa chakula cha mchana, kama bakule anavyokuja, bila hodi ya pili. Mke wangu, Rael, alikuwa ameandaa kimyet, ule ugali wetu, na mboga ya isagek, na mursik, maziwa ya mgando, kutoka kibuyu alichokuwa amekiweka kwa ajili ya wageni. Wesley akanawa, akamega, akamwambia Rael, "Mama Chepkoech, huyu mzee anakula hivi kila siku na bado ana sura ya mtu amefunga?" Rael alicheka mpaka akashika meza. Sikumbuki nimewahi kumchekesha hivyo.

Kisha Wesley akanigeukia. "Bakule, niko na shida, na wewe ndiye dawa. Ile kazi ya kamera inataka sakafu imelala kabisa, ndani ya nyumba, jua isiingie. Nimetafuta kila mahali. Kericho hii kuku akitaga, yai inaenda kwa jirani. Kuna sakafu moja tu imelala, na ni yako. Nipee ufunguo siku moja kwa wiki, nitoe kitu kwa kanisa."

"Si ungefanya barabarani?" nikamwuliza. "Nimesikia magari mengine hupimwa yakiendeshwa."

"Mengine, ndiyo. Lakini hata hayo yanataka mistari iko wazi barabarani. Huku kwetu mistari imefutika. Ama niwatume wateja Nakuru, na wengi hawaendi." Alichukua vipande viwili vya kimyet akaviweka mezani, kimoja cha kamera na kimoja cha barabara, akanionyesha jinsi kamera ikikaa pembeni kwa upana wa unywele tu, mbele huko itakosea kwa upana wa mtu. Alieleza vizuri. Lakini mimi sikuwa nikisikiliza mafundisho. Nilikuwa nikitazama jinsi Rael alivyoinamia vile vipande kwa hamu.

"Lazima niulize kamati," nikasema. Rael aliniangalia. Wakati huo kamati iliniachia mambo yote ya ukumbi, haikuniuliza hata nani atalala humo wakati wa semina.

Baada ya wiki mbili nilimwambia Wesley kamati imekataa. "Wanasema nyumba ya Mungu si gereji." Kamati haikuwa imesikia neno lolote. Niliyatunga maneno yale nikitembea, na nilipoyatamka yalinoga kiasi kwamba hata mimi nilikaribia kuyaamini. Wesley akasema, "Sawa, bakule. Kamati ni kamati." Hakunitania. Hapo ningepaswa kujua kwamba amejua.

Mwezi uliofuata mawe yalianguka makubwa kama viazi, na asubuhi yake Mama Nyaboke aliegesha gari lake mbele ya banda langu. Mama Nyaboke alikuwa nesi mstaafu, Mkisii kutoka Chepilat, aliyeishi kwetu miaka mingi kuliko aliyoishi kwao. Ndiye aliyemzalisha Rael watoto wetu wote wanne. Watoto wake walikuwa wamemnunulia gari dogo lililotoka Japani, na kwa gari lile alikuwa akibeba wajawazito wa mtaa mzima kuwapeleka kliniki, wengine uchungu ukiwa umewashika. Kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka kama utando wa buibui, na nyuma ya kioo cha kujiangalia, ndani ya kifuniko cheusi, ilikuwapo kamera.

"Baba Chepkoech," akasema, "Wesley ameniambia kioo anaweza kuweka, lakini kamera lazima ipimwe Nakuru, ama niache gari nyumbani mpaka apate mahali. Wewe unasemaje?"

"Mama, Wesley amekaa Nairobi sana. Kamera inatoka hapa, inarudi hapahapa. Itaona nini kipya?"

"Uko na hakika?"

"Nimefanya kazi hii miaka thelathini."

"Sijauliza miaka. Nimeuliza kama uko na hakika."

"Niko na hakika."

Nimerudia maneno yale mbele za Mungu mara nyingi. Sikuwa na hakika. Nilichokuwa nacho ni mteja aliyepita banda la Wesley akaja kwangu, na utamu wa jambo hilo. Nilikata gundi ya zamani kwa waya, nikasafisha fremu, nikapaka gundi mpya mstari mmoja usiokatika, nikakilaza kioo kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Niliirudisha kamera kwa mikono yangu, nikawasha gari. Hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi. "Unaona?" nikamwambia. "Iko sawa." Na nilifurahi siku nzima.

Siku ya nane alikuwa akitoka kusalimia watu wake Chepilat, asubuhi, ukungu umeanza kuinuka juu ya chai. Kwa sehemu kubwa ya barabara ile mistari ilikuwa imefutika, na kamera haikuwa na la kusema. Lakini kulikuwa na kipande kilichopakwa rangi upya. Pale kamera ikaona mistari, ikadhani gari linatoka njiani, usukani ukavuta kushoto. Mama alivuta kulia, usukani ukavuta tena. Gari liliruka mtaro likaingia ndani ya chai, na chai, kwa rehema za Mungu, ikalishika. Alivunjika mkono. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Juzi yake tu, kiti hichohicho kilikuwa kimembeba msichana mwenye uchungu.

Nilimkuta hospitalini, mkono katika plasta, thamosi ya chai kando yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, na lawama ningeiweza. "Mikono yangu imezeeka, Baba Chepkoech," akaniambia polepole. "Nilishika usukani vizuri, na bado gari likaenda. Mikono iliyoshika watoto wa watu haiwezi tena kushika gari. Nimewaambia wanangu waliuze." Nilisema pole. Nilimmiminia chai. Nikaondoka, na njiani nilijiambia kwamba labda ni kweli, labda ni mikono, watu huzeeka.

Jioni Wesley alikuja bandani kwangu. Alikuwa amelitazama gari pale lilipovutwa. Hakukaa. "Bakule, nani alipima ile kamera?"

Nikaanza kukunja blanketi la meza.

"Mama anasema ni mikono yake."

"Nimesikia."

"Mimi sitasema kitu," akasema. "Si kwa sababu yako. Ni kwa sababu wewe ndiye utasema." Akaenda zake. Na hapa nataka msomaji aujue moyo wa mtu unavyoweza kuwa: nilimwonea wivu hata kwa hilo. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja sokoni na hakutaka. Nilitamani awe mbaya kidogo ili nipate kupumua.

Nilikaa na jambo lile siku nne. Siku ya nne Rael aliniwekea chakula, akauchukua ufunguo kwenye msumari, akauweka kando ya sahani yangu kama kijiko. "Jana nilimuuliza katibu wa kamati," akasema. "Anasema hakuna mtu alileta maneno ya Wesley." Kisha akaendelea kula. Sikukimaliza chakula kile. Nilichukua ufunguo nikaenda kwa Mama Nyaboke, aliyekuwa amerudi nyumbani, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kamera, uongo wa kamati, na sababu, ambayo ilikuwa ngumu kuliko yote mengine. Nilimwambia, "Nilikuwa namwonea Wesley wivu."

Akaniuliza, "Kwa hiyo mikono yangu ni mizima?"

"Mizima, Mama."

"Nimelala siku hizi zote nikizika mikono yangu, na wewe ulikuwa unajua?" Machozi yalimtoka, kisha hasira ikayakausha. "Nilimzalisha mkeo watoto wanne, na wewe ukaniuzia wivu kwa bei ya kioo. Sasa sikiliza. Gari halitauzwa. Litatengenezwa, litapimwa, na wewe utakuwepo. Utamshikia Wesley uzi."

Kamati niliiambia Jumapili, wote wakiwa wamekaa. Sitaeleza nyuso zao. Walitoa ruhusa ya ukumbi kwa dakika moja.

Siku ya kazi tulisogeza mabenchi, gari likaingia na magurudumu ya nyuma yakabaki karibu na mlango. Mama Nyaboke aliketi pembeni na plasta yake, mchungaji akasimama. Wesley alijaza upepo sawasawa katika magurudumu yote, akashusha timazi mbele ya gari na nyuma yake, akaweka alama kwa chaki, kisha tukavuta uzi katikati ya gari mpaka mbele huko alikosimamisha ubao wenye miraba. Mimi nilishika ncha ya nyuma, mlangoni. "Usipumue, bakule," akasema. Akawasha kompyuta. Ikakataa. Akapima upya, akainua ubao kidogo. Ikakataa. Jasho likamtoka Wesley wetu. Alitazama ubao, alitazama gari, na mchungaji akakohoa.

Nami nilijua. Nilikuwa nimesimama juu ya sababu yenyewe. Kuanzia mlangoni mpaka dirisha la pili sakafu ile hailali. Niliishusha vidole viwili makusudi, ili akina mama wakiosha ukumbi maji yatoke yenyewe, na kwa miaka yote ile ya sifa sikumwambia mtu. Nitasema ukweli kama nilivyoahidi: kwa kitambo kidogo nilifurahi. Nilimwona akishindwa mbele ya watu, na utamu ule wa zamani ukanijaa kinywani. Nilichohitaji ni kunyamaza tu, nikishika uzi kwa unyenyekevu. Kisha Mama Nyaboke akaukunja na kuukunjua mkono wake mzima, polepole, kama mtu anayeupima.

"Wesley," nikasema, "sakafu hii haiko sawa."

"Nini?"

"Hapa nyuma inateremka. Vidole viwili. Nilifanya hivyo maji yatoke. Sogeza gari mpaka karibu na mimbari, kule imelala."

Wesley aliketi kwenye benchi akacheka mpaka akafuta macho. "Miaka yote hii! Maziwa ndani ya bakuli! Mchungaji, kumbe bakuli ilikuwa imeinama!" Hata Mama Nyaboke alicheka, akishikilia plasta. Tukalisukuma gari kwa mikono mpaka karibu na mimbari, tukashusha timazi tena, tukavuta uzi tena. Kompyuta ikafikiri. Kisha ikakubali. Mimi niliendelea kushika uzi hata baada ya kuambiwa niuache.

Mama Nyaboke aliendesha tena plasta ilipotoka, na aliendelea miaka mingi. Tangu siku ile nilikuwa nikimpelekea Wesley kila gari lenye kamera, naye akiniletea kila kioo kigumu kutoka. Wivu haukuisha. Nilijifunza kuushika kama nilivyoshika ncha ile ya uzi, nikijua uko mkononi mwangu na macho ya watu yako juu yangu. Nashukuru kwa hilo.

Timazi niliining'iniza mlangoni siku ileile mjane alipoileta. Imenyooka, na nakiri nilisikitika kidogo. Binti wa Wesley, Chelangat, ndiye anayefanya kazi ya baba yake sasa. Jana nilimpelekea ile timazi, na pamoja nayo ufunguo wa ukumbi na kamba yake ya kiatu. Kamati nilikuwa nimeiuliza kweli. Alikuwa na gari ndani ya ukumbi niliomfungulia asubuhi. "Baba," akasema, "kwa kuwa umefika, nishikie uzi huku." Nikashika.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe kazi ya mikono yako na macho ya kufurahia kazi ya jirani. Akikuonyesha mteremko ulioufanya kwa siri, akupe pia kinywa cha kuusema mapema, kabla mtu mwingine hajaulipa kwa mkono wake. Ubarikiwe wewe na nyumba yako, unapotoka na unaporudi.